Mguu wa Kushoto wa Mzee Muhdhar

Gari lenye uwezo wa kukimbia kilomita mia mbili na arobaini kwa saa lilirudi Segerea limebebwa. Lilikuwa mgongoni mwa breki-dauni, la bluu, linang'aa, tundu lake la hewa juu ya boneti limeelekea mbinguni kama pua ya mtu aliyekasirishwa. Nyuma yake ilifuata bajaji, na ndani ya bajaji alikuwamo mwenye gari, Mzee Muhdhar, kanzu nyeupe, miwani ya jua, magoti yamekaribia kukutana na kidevu.

Adelina aliyaona yote hayo akiwa kibarazani kwake, miguu juu ya pedeli ya cherehani. Chumba chake cha ushonaji na gereji ya mumewe Kasiani vilitenganishwa na ukuta wa bati tu, kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili hakuna injini iliyokohoa pale asiisikie. Gari hili alilijua. Siku ishirini na mbili zilizopita liliondoka likinguruma vizuri kabisa, baada ya Kasiani kulishusha giaboksi, kulibadilishia klachi nzima na kulifungia vikuku vipya vya shaba kwenye gia ya tatu, ambayo ilikuwa ikikwaruza kila inapoingizwa. Ilikuwa kazi ya siku nne. Klachi peke yake ilikula laki tisa na nusu.

"Mama Oliva," Gervas alimwita kutoka upande wa pili wa bati. Gervas alikuwa fundi umeme wa magari, mwenye mdomo mkubwa kuliko bisibisi zake. "Njoo uone. Jogoo amerudi kwenye tenga."

Adelina hakucheka. Alikuwa ameuona uso wa Mzee Muhdhar akishuka kwenye bajaji.

"Shikamoo, mzee," Kasiani alisema, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Marahaba. Kasiani, mie nimekufanyia nini?"

"Mzee?"

"Nakuuliza. Nimekudhulumu? Nimekutukania mama? Maana mtu hawekewi klachi ya kichina kwenye gari kama lile bila ugomvi." Hakupandisha sauti sana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wateja watatu waliokuwa wamekaa kwenye benchi walilazimika kunyamaza ili wasikie. "Wiki tatu! Hata maziwa ya boksi yanakaa zaidi ya hapo. Nimezimikiwa pale Buguruni, foleni imesimama, watu wananipigia honi, konda wa basi ananiambia 'mzee, mpe babu usukani.' Babu nani? Mie ndiye babu!"

Gervas aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Mzee, ile klachi ni orijino. Boksi lake ninalo," Kasiani alisema.

"Maboksi yanachapwa Kariakoo, Kasiani. Mie nauza vigae Mikocheni miaka ishirini na nane, unanifundisha mambo ya maboksi?"

"Labda, mzee, tungeangalia na namna ya... labda ule mguu wa..."

"Mguu gani?"

Kasiani aliinamia kitambaa chake. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wateja wapya walidhani anaumwa koo.

"Wewe una miaka mingapi?" Mzee Muhdhar aliuliza.

"Arobaini na nne, mzee."

"Mie nina leseni tangu wewe unatambaa. Fungua gari, utoe takataka yako, utie klachi ya kweli kwa pesa yako. Nakupa wiki moja. Na barua ya serikali ya mtaa utaipata, ili baadaye usije ukasema hukuambiwa."

Akaingia tena kwenye bajaji. Kanzu ilinasa mlangoni, akaivuta, haikutoka, na ilibidi Kasiani mwenyewe ainame kumnasua. "Ahsante," Mzee Muhdhar alisema, kwa sababu adabu ni adabu, kisha akaondoka amekasirika vilevile.

* * *

Jioni ile, kabla ya ugali kupoa, Kasiani aliweka kitu mezani juu ya gazeti. Kilikuwa pleti ya klachi, duara kama sahani, nyeusi tii, kingo zimebanduka.

"Mezani tunakula," Adelina alisema.

"Angalia tu."

Adelina aliinusa. "Inanuka chapati iliyosahaulika."

"Imeungua. Wiki tatu tu. Na chuma kinachokaa nyuma yake kimegeuka rangi, kina mabaka ya bluu kama mtu aliyepigwa." Alimega tonge, akalishika bila kula. "Mzee amezoea otomatiki maisha yake yote. Gari la otomatiki halina pedeli ya kushoto, mguu wa kushoto unakaa tu kama mgeni. Sasa amenunua gari la gia, la mbio, na ule mguu haujui pa kukaa. Unakaa juu ya klachi. Barabara nzima, toka kwake Mbweni mpaka dukani Mikocheni, unakaa juu ya klachi. Hakanyagi, haachii. Klachi inasugua tu."

"Kama kushona huku umeshika gurudumu la cherehani."

"Hivyohivyo."

"Si umwambie."

"Umesikia nilivyojaribu. Nilifika kwenye neno 'mguu' akaniuliza umri." Kasiani aliliweka tonge chini. "Adelina, ile pesa yako ya ovaloki imefika ngapi?"

Adelina alijua kilichokuwa kinakuja, na bado hakukipenda kilipofika. Ovaloki ilikuwa mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, ya mtumba lakini nzima, aliyoiona kwa Mhindi mmoja Kariakoo. Bila ovaloki shule hazimpi mtu tenda ya sare. Alikuwa akiiwekea tangu mwaka jana, elfu kumi, elfu tano, mara nyingine elfu mbili, kwenye simu.

"Milioni moja na laki moja," alisema. "Imetimia juzi tu."

"Klachi ni laki tisa na nusu. Mzee anaongea na kila mfanyabiashara mjini. Akisema mie natia vitu feki, gereji hii tutafugia kuku."

"Kwa hiyo mguu wa Mzee Muhdhar," Adelina alisema polepole, "unakula ovaloki yangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Umeshakula klachi, sasa unataka na cherehani. Mguu una njaa ule!"

Kasiani alitaka kucheka, akashindwa. Adelina alimwangalia mumewe alivyokaa, mikono miwili mikubwa imelala kando ya sahani kama zana zilizowekwa chini, na mzaha ukamkauka mdomoni.

"Ukimlipia," alisema, "utakuwa umekiri."

"Nisipomlipia, nitakuwa mwizi."

"Basi yote mawili ni mabaya, na moja lina bei. Nipe siku mbili."

* * *

Barua ya serikali ya mtaa ilikuja kesho yake saa nne, imepigwa muhuri mara mbili, ikimwita Kasiani kwa mwenyekiti Jumatano ijayo. Aliyeileta aliuliza kwa sauti, "Fundi wa klachi ya kichina ni nani hapa?" na wateja wakamwonyesha Kasiani kabla hajainua mkono.

Saa sita Badru, aliyekuwa ameacha Noah yake ishushwe injini, alikuja kuichukua. "Siyo kwamba nasikiliza maneno, braza," alisema, huku akiwa ameshakuja na watu wa kuisukuma. "Ila nimepata ishu Tegeta, fundi yuko karibu na mimi." Waliisukuma Noah isiyo na radieta mita mia tatu hadi barabarani, na Kasiani, kwa vile ndivyo alivyo, akaenda kuwasaidia kusukuma.

Adelina aliona hayo kupitia upenyo wa bati. Aliweka chini gauni alilokuwa akilipiga pindo, akaenda moja kwa moja kwenye gari la bluu, akafungua mlango wa dereva, akachutama. Hakujua lolote la injini. Lakini alikuwa fundi nguo, na fundi nguo huishi kwa kusoma palipochakaa: kiwiko humtaja anayeandika mezani, goti humtaja anayesali, kwapa humtaja aliyenenepa na hataki kukubali. Pedeli ya breki ilikuwa na mistari yake yote kwenye mpira. Pedeli ya klachi ilikuwa laini kama kipara. Na chini ya kiti kulikuwa na makubazi ya ngozi, yale ambayo mzee aliendeshea. La kulia lilikuwa zima. La kushoto, mbele chini ya dole gumba, lilikuwa limelika mpaka uzi unaonekana.

Chini ya kiti cha abiria kulikuwa pia na mswala uliokunjwa na chupa ya marashi. Adelina alivifunga vyote kwenye kitambaa safi.

"Unaenda wapi?" Kasiani alimuuliza.

"Mbweni. Vitu vya mzee visije vikapotea hapa tukaambiwa tumeiba na mswala."

* * *

Nyumba ya Mzee Muhdhar ilikuwa mpya, vigae kila mahali, hadi kwenye nguzo za geti. Mkewe, Bi Jokha, mwanamke mnene kidogo mwenye macho ya kucheka, alimpokea Adelina, akamkalisha jikoni badala ya sebuleni, jambo ambalo Adelina alilihesabu kuwa heri, akamwekea chai ya maziwa na vileja.

"Shikamoo, Bi Jokha. Mie mke wa Kasiani fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekujua kwa uso. Umebeba msiba."

Adelina alifungua kitambaa, akatoa mswala, akatoa marashi, kisha akayaweka makubazi mezani, nyayo zimeelekea juu. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Hakuyahitaji. Bi Jokha aliliangalia kubazi la kushoto, akaliangalia la kulia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Miezi sita," alisema alipopata pumzi, "miezi sita nasikia harufu ya kuungua kila nikipanda gari lile. Namwambia, 'Bwana, kuna kitu kinaungua.' Ananambia, 'Hizo breki za malori.' Mwezi wa Ramadhani barabara haina lori hata moja. 'Bwana, inanuka.' 'Futari za watu.'"

"Kwa hiyo unajua?"

"Mwanangu, mie nimeendesha Land Rover ya karafuu ya baba yangu, Wete, nina miaka kumi na saba. Kupanda mlima na magunia, mvua inanyesha. Klachi naijua kama najua kuchuja nazi."

Adelina alisahau chai. "Na mzee hajui kama unaendesha?"

"Hajaniuliza."

"Miaka yote?"

"Thelathini na moja. Ameniuliza kama najua kupika pweza, kama najua kusoma, kama nakoroma. Hilo hajauliza." Bi Jokha aliligeuza kubazi mkononi, na kicheko kikampungua. "Amemsema sana mumeo, eh?"

"Mbele za watu, Bi Jokha. Leo mteja ameondoa gari lake. Na kuna barua. Kasiani anataka kununua klachi kwa pesa niliyoweka ya mashine." Sauti ilianza kumponyoka, akaikamata. "Sikuja kumsema mzee vibaya. Nimekuja kwa sababu sijui pengine pa kwenda."

Bi Jokha aliliweka kubazi mezani. "Klachi nitanunua mie. Nina zangu."

"Hapana. Ukilipa wewe akadhani amelipa Kasiani, Kasiani atabaki mwizi aliyerudisha. Na baada ya wiki tatu itaungua hiyo nayo, tutarudi hapahapa."

"Nani kasema atadhani amelipa Kasiani?" Bi Jokha alisimama, akaanza kutafuta pochi. "Twende tukanunue ileile, duka lilelile. Risiti iandikwe jina langu. Na mwenye klachi ndiye atakayelitoa gari gereji."

* * *

Kasiani hakuipenda habari hiyo hata kidogo.

"Mke wa mtu anunue klachi? Mzee atasema nimekwenda kulia kwa mkewe."

"Hukwenda wewe, nimekwenda mie. Na sikulia. Nilikaribia."

"Heshima yangu, Adelina."

"Heshima yako ndiyo nimekwenda kuichukua Mbweni. Unaitaka au niirudishe?"

Kasiani alifanya kazi siku mbili. Giaboksi ilikuwa chini tangu siku ya kwanza, hivyo alipeleka chuma kile chenye mabaka kuchongwa hadi kikawa kama kioo, akafunga klachi mpya, beringi mpya, oili mpya. Vikuku vya gia ya tatu alivikagua kimoja kimoja kwa tochi. Vilikuwa vizima. Jambo hilo lilimfurahisha, ingawa hakuwa na mtu wa kumwambia, maana mkewe alikuwa amemnunia na Gervas hakuaminika.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mzee Muhdhar na Bi Jokha walifika kwa teksi. Mzee alikuwa ameambiwa tu kwamba gari liko tayari. Aliliwasha, akalisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Unaona? Klachi ya kweli unaisikia hata kwa mlio," aliwaambia watu wa kwenye benchi. "Pesa ya mtu ikimuuma, kazi inakuwa safi."

"Hiyo klachi nimenunua mie," Bi Jokha alisema, akampa risiti. "Duka lilelile, bwana. Aina ileile. Soma."

Mzee alisoma. Alisoma mara ya pili, ameisogeza mbali na macho.

"Sasa wewe umenunua klachi kwa nini?"

"Kwa sababu naendesha mie. Teremka."

Mzee alicheka. Alimwangalia Kasiani ili wacheke pamoja, Kasiani akawa anaangalia tairi. Alimwangalia Gervas, Gervas akawa ameziba mdomo kwa tambara. Bi Jokha alikuwa ameshavua viatu, ameliingiza buibui lake kiunoni, amesimama kando ya mlango kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Benchi zima lilikuwa linatazama. Mzee Muhdhar alikuwa na njia mbili: kugombana na mkewe mbele ya mafundi, au kuzunguka upande wa pili. Alizunguka.

"Kasiani, panda nyuma, usikilize gari," Bi Jokha aliamuru. "Na wewe, mwanangu."

Lile gari halikujengwa kwa ajili ya watu wa nyuma. Kasiani alikaa na kichwa kimelala begani kwa mkewe, siyo kwa mapenzi, ni kwa sababu ya paa. Bi Jokha aliingiza gia, na gari likaondoka bila kushtuka, kama mtu anayeamka taratibu asimwamshe mwenzake.

"Polepole," mzee alisema.

"Nipo namba moja, bwana."

Barabara ya kwenda Kinyerezi ina vilima, na katikati ya kilima kimojawapo foleni ilisimama. Mbele lori la kokoto, nyuma basi limewabana kiasi kwamba Adelina alimwona dereva wake akitafuna mswaki.

"Shikilia klachi! Shikilia, litarudi nyuma!" mzee alisema, na mguu wake wa kushoto ukakanyaga zulia upande wa abiria, ambapo hapakuwa na kitu.

Bi Jokha alivuta handibreki, akatoa gia, akaiweka miguu yote miwili sakafuni, akakunja mikono. "Handibreki ni ya mapambo?"

Walikaa hivyo dakika kumi. Foleni ilisogea hatua tatu, Bi Jokha akasogea hatua tatu. Ikasimama, akavuta handibreki, mguu ukarudi chini. Tena, na tena. Adelina, kutoka nyuma, hakuangalia barabara. Alimwangalia Mzee Muhdhar. Mwanzoni mzee alikuwa akitazama lori. Kisha akavuta hewa puani. Akavuta tena, akageuka kulia na kushoto, akateremsha kioo, akanusa nje, akapandisha kioo, akanusa ndani.

"Mbona hakuna harufu?" aliuliza.

Kasiani alifumba macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Mzee akateremsha macho hadi kwenye mguu wa kushoto wa mkewe. Ulikuwa peku, una hina iliyofifia kwenye kucha, umelala juu ya zulia umetulia kabisa. Aliuangalia mguu ule muda mrefu. Foleni ilipofunguka, uliinuka, ukakanyaga, ukaachia, ukarudi chini. Gia ya pili. Uliinuka, ukarudi chini. Gia ya tatu iliingia kimya, kama mgeni anayejua mlango.

"Ulijifunza wapi?" alisema, kwa sauti ambayo Adelina hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu asiye na wateja mbele yake.

"Wete. Kwa baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniulize, bwana."

Mzee Muhdhar alivua miwani ya jua, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Gari likarudi Segerea. Kasiani na Adelina waliposhuka, Bi Jokha alikaa palepale kwenye usukani, na gari likaondoka kuelekea Mbweni, abiria wake akiwa ameangalia mbele, wima, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Hakuomba radhi," Kasiani alisema.

"Mpe nafasi," Adelina alijibu. "Mtu hashushi giaboksi kwa dakika moja."

* * *

Jumapili ilipita kimya. Jumatatu pia. Jumanne Adelina alikwenda Kariakoo akaichukua ovaloki, maana pesa ilikuwa yake na hofu ilikuwa imemchosha. Lakini benchi la gereji lilikuwa tupu, na mashine mpya haijazi benchi la mume. Kasiani alipanga spana zake kwa saizi, akazipangua, akazipanga tena. Siku ya barua ya mtaa ilikuwa Jumatano.

Jumatano asubuhi, kabla Kasiani hajavaa shati la kwendea kwa mwenyekiti, gari la bluu lilisimama mbele ya gereji. Bi Jokha alikuwa ndiye dereva. Nyuma yake ilikuwapo Noah ya Badru, inavutwa kwa kamba, na nyuma ya Noah, Badru mwenyewe kwenye bodaboda, anaonekana kama mtu aliyepigiwa simu mapema mno.

Mzee Muhdhar alishuka. Alisalimia kila mtu, akauliza hali ya Gervas, akauliza bei ya betri, akasema mvua mwaka huu imechelewa. Akatembea hadi kwenye ukuta wa bati, akarudi. Watu walianza kusogea, hata fundi matairi wa ng'ambo ya barabara alivuka.

"Nimetoka kwa mwenyekiti wa mtaa," mzee alisema hatimaye. "Ile barua nimeifuta."

"Ahsante, mzee," Kasiani alisema.

"Usinishukuru, sijamaliza. Mie nilisema hapa, mbele ya watu, kwamba huyu bwana ametia klachi ya kichina. Nikalisema na Mikocheni, na kwa huyu Badru, na kwa wengine ambao jana nimewapigia mmoja mmoja." Alikohoa. "Haikuwa ya kichina. Ilikuwa nzima."

Ingeweza kuishia hapo, na kwa mzee wa heshima zake ingetosha. Lakini Gervas, ambaye Mungu alimnyima breki za mdomo, aliuliza kwa upole kabisa:

"Sasa mzee, iliungua na nini?"

Adelina, aliyekuwa akishona kibarazani, aliubana uzi kwenye meno. Aliona shingo ya Mzee Muhdhar ikipanda rangi kutoka kwenye ukosi wa kanzu. Mzee alimwangalia mkewe garini. Bi Jokha safari hii hakucheka. Alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mtu anayevuka barabara kubwa. Mzee akashika bega la Kasiani ili asianguke, akakunja goti, akauinua mguu wa kushoto hewani, kubazi na yote, mbele ya kadamnasi.

"Na huu," alisema.

Kicheko kilichotoka pale kiliwafikia watu wa kituo cha mabasi. Badru alikaa chini. Fundi matairi alirudi ng'ambo ya barabara ili akacheke akiwa na nafasi. Mzee Muhdhar alibaki kwa mguu mmoja, akiwaangalia, na taratibu midomo yake nayo ikaanza kumsaliti. Kasiani peke yake hakucheka. Alikuwa amemshika mzee mkono kwa nguvu, asije akaanguka, na alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Unisamehe, Kasiani."

"Yamekwisha, mzee."

"Hayajaisha. Jokha ananifundisha vizuri, sina neno. Ila anacheka. Mtu hajifunzi huku anachekwa." Aliteremsha mguu, akanyoosha kanzu. "Wewe hukucheka hata ulipokuwa na haki. Nifundishe wewe. Ada utaisema, na sitaki kupunguziwa."

Bi Jokha aliteremka bila kuambiwa, akaja kukaa kibarazani kwa Adelina, akaanza kuikagua ovaloki. Mzee akakaa kwenye usukani, na Kasiani akafuta mikono, akazunguka hadi mlango wa kushoto, akajikunja ndani. Gari likaruka mara moja kama chura, likazima. Likaruka mara mbili, likazima. Kuku aliyekuwa mbele yake hakuona sababu ya kuhama. Mara ya nne lilitetemeka, likafikiri, kisha likaondoka laini, likashika njia ya vumbi kwa mwendo wa baiskeli iliyobeba maji.

Na hapo Adelina alisikia kitu ambacho katika miaka kumi na miwili ya ukuta wa bati hakuwahi kukisikia: mumewe anapiga kelele.

"Mguu chini, mzee! Mguu chini!"

Na kutoka ndani ya gari, kwa sauti ya utii mkubwa, jibu likaja mbio juu ya mlio wa injini:

"Uko chini, mwalimu! Wallahi uko chini!"